Jeneza Upande wa Pili

Sharti lilikuwa moja: Kombo, dereva mwenye uzoefu wa miaka thelathini, akae kwenye usukani wa gari linalojiendesha, asiguse kitu mpaka sokoni. Akigusa, kazi hana.

"Liamini tu, Mzee Kombo," alisema Henrik, mhandisi mgeni aliyekaa kando yake. "Kwetu mimi husinzia humu."

"Mnasinzia hata barabarani, bwana mdogo? Hongereni."

Gari lilikata kona lenyewe, kwa madaha kama bi harusi. Kombo alikwisha kuanza kulipenda. Mara, upande wa pili wa barabara, likatokea jeneza limebebwa mabegani. Magari yote yakasimama, injini zikazimwa. Lao likaendelea na safari.

"Simamisha!"

"Ya nini? Njia yetu iko wazi."

"Kwa gari iko wazi. Kwa mtu haiko."

Kombo akakanyaga breki. Taa nyekundu ikawaka.

"Mzee, umeikosa kazi!"

"Mpe anayejua kusinzia."

Akashuka, akavuka, akaingiza bega chini ya jeneza. Barabara nzima ilikuwa kimya. Alipopiga hatua ya tatu, alisikia nyuma yake mlango wa pili wa gari ukifunguka.