Kisanduku cha Masaa Manne

Shangazi, mkuu wa maabara, aliinamisha tyubu kwa mara ya tatu. Plazma, iliyochanganywa jana na bakteria kutoka damu ya kichanga mgonjwa, ilitiririka kama maji.

"Haijaganda," alisema mwenzake wa zamu. "Basi ni bakteria wa ngozi tu, kaingia sindano ilipochoma. Daktari yuko kwenye simu. Anataka kusimamisha dawa, na mama wa mtoto ameshafunga virago."

Bakteria wa hatari, yule anayeua vichanga, huigandisha plazma. Lakini wapo wa jamii yake ambao huyeyusha walichogandisha kabla ya kesho yake. Ndiyo maana ukutani palikuwa na karatasi, kwa mwandiko wa Shangazi mwenyewe: *Tazama baada ya masaa manne. Kesho hudanganya.*

Kwenye daftari, kisanduku cha masaa manne kilikuwa kitupu. Jana, saa ya kutazama ilipofika, Shangazi alikuwa chumba cha pili akipigiwa makofi kwa miaka thelathini ya kazi bila dosari.

"Jaza tu, Shangazi," mwenzake alinong'ona. "Nani atakuuliza wewe?"

Shangazi alirudisha tyubu kwenye kishikizo, taratibu, kana kwamba bado ingeweza kuganda. Kisha akachukua simu.

"Daktari, mtoto haendi popote. Aendelee na dawa. Kipimo nakirudia."

"Kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Hakikutazamwa kwa wakati."

"Nani huyo aliyesahau? Nipe jina, niliandike kwenye faili."

Shangazi alivuta daftari, akafungua kalamu. "Andika langu," alisema, naye akaandika kwenye kisanduku kitupu: *Hakikutazamwa.*