Nukta Isiyosogea

Jina la marehemu hubaki kwenye daftari la wilaya iwapo jamaa zake wataleta kila mwaka picha safi ya nyota aliyopewa. Felista alipeleka ya bintiye Ndeshi, pamoja na kamera. Pichani nyota zote zilikuwa michirizi, isipokuwa nukta moja.

"Uliiweka kamera ifuate mwendo wa nyota ipi, mama?" karani aliuliza.

"Hii," Felista aliionyesha nukta ile. "Haikutikisika hata kidogo. Nikajua ndiye."

Karani aliwasha kamera, akafunika lenzi kwa kifuniko chake. Nukta ile ikabaki palepale kwenye skrini.

"Nyota husogea, mama. Hili ni doa la kamera."

Akalifuta jina.

Tangu msiba, kila jioni Felista aliitazama nukta ile na kuitikia, "Marahaba, mwanangu." Jioni hiyo aliwasha kamera bila kuondoa kifuniko, akaitikia.