Ukuta wa Machozi

Siku hiyo mjinga alikuwa Kisaka, wala tusimtafutie mwenzake. Alipanda juu ya kreti la soda mbele ya ukuta uliokuwa ukitiririsha maji, yale maji ambayo watu waliyapangia foleni wakayanywe kama dawa, akapaza sauti:

"Jamani, leo muujiza wenu tunauzika! Fundi Mbaruku ataupasua ukuta huu, na bomba bovu mtaliona kwa macho yenu."

"Ulimi utakuponza, baba," bibi mmoja akamwambia.

Kisaka akacheka. Kwenye baraza la kahawa, yeye na Mbaruku walikuwa wakiwacheka watu hawa kila jioni mpaka mbavu ziwaume.

Mbaruku akafika na nyundo yake, akasimama mbele ya ukuta. Kisha akaiweka nyundo chini taratibu, akatoa chupa mfukoni, akaanza kukinga maji.

"Unafanya nini wewe?" Kisaka akauliza. Foleni nzima ilikuwa imeshaanza kuangua kicheko, na safari hii walimcheka yeye.

"Nampelekea mke wangu. Hospitali wamemrudisha nyumbani, wanasema dawa hawana tena."

"Si wewe uliyeniapia kuwa ni bomba limepasuka? Umeniuza, Mbaruku! Umeniuza mbele ya watu!"

Mbaruku hakugeuka. Alingoja chupa ijae, akakaza kifuniko.

"Ni bomba, Kisaka," akasema. "Haya, wewe una nini nimpelekee?"