Tawi la Sore Sakafuni

Odile alianzisha wimbo wa kushindilia sakafu, na hakuna aliyeitikia.

Wanawake wenzake walipiga magoti upande wa pili wa kanisa jipya, vibao mkononi, udongo bado mbichi. Wao vita viliwakimbizia Kamerun. Yeye alibaki na mama yake mgonjwa, akawapikia wenye bunduki walioteka kijiji.

"Waite wageni wako wakuitikie!" mmoja akamrushia. Wakacheka.

"Jamani," mchungaji akasema, "sisi sote Walutheri."

"Walutheri sisi tulikula majani porini, Mchungaji. Huyu alikula mbuzi."

Odile akachomoa kitawi kiunoni. Kilikuwa cha sore, mti wa amani. Kwa Wagbaya, kabila lao, mtu akikuwekea tawi la mti huo njiani, hulivuki na kinyongo moyoni. Alikuja nacho ampe yeyote atakayenyoosha mkono. Mikono yote ilishika vibao.

Basi akatambaa peke yake hadi mbele ya madhabahu, pale watakapopiga magoti wote kupokea Chakula cha Bwana. Akakilaza kile kitawi udongoni, akainua kibao, akaanza kukishindilia, akiimba na kujiitikia mwenyewe.