Utambi wa Kanga

Mzee Tawakali bin Mshamu bin Haji alitoka katika ukoo ambao neno lake halikuhitaji shahidi, naye aliwalea wajukuu wake wawili kwa adabu ileile. Alasiri hiyo aliwafundisha kutengeneza koroboi. Alikwisha kutoboa kifuniko cha kopo kwa msumari na kumimina mafuta ya taa, ukabaki utambi. Akaokota kanga kuukuu juu ya mkeka wa watoto, akaichana.

"Babu, hiyo..." alianza Mwanaidi.

"Mtoto hamkatizi mkubwa!"

Mzee akausokota utambi, akaupenyeza tunduni, mafuta yakaanza kuupanda. Hapo Athumani, mdogo wake, akaangua kicheko.

"Ala! Babu kachana kanga ya mama! Dada atalala na nini leo?"

Mzee akauachia utambi. Tangu mkaza mwanawe azikwe, hakikubaki kitu kingine chenye harufu yake. Sasa kanga hiyo ilinuka mafuta ya taa.

"Mbona hukuniambia, mama?" akamuuliza Mwanaidi.

"Ulinikataza, Babu."

Athumani akamnyoshea babu kiberiti. "Washa basi!"

Mzee alikipokea, asikifungue. Yeye ambaye hakuwahi kumwomba mtoto radhi alijishusha hadi mkekani, macho yake yakawa sawa na ya Mwanaidi.

"Nisikilizeni. Mkiniona nakosea, nikatizeni. Hata nikifoka, nikatizeni."

Mwanaidi hakumtazama. Alilitazama ua jekundu la kanga likigeuka jeusi kwa mafuta.

"Nimesema nisikilizeni," mzee alirudia, kwa sauti ya mtu anayeomba.