Bangili ya Mzazi

Kila mzazi aliyetoka kujifungua alivishwa bangili ya kupima moyo na presha yake, na muuguzi hakuja mpaka bangili imwite. Kila asubuhi, kabla ya kumkanda Mwanakheri, mke wa mwanawe, kwa maji ya moto, Bi Zuwena alimvua bangili akaivaa yeye, isije ikapiga kelele kwa kukosa mkono.

Siku ya tisa baada ya kujifungua, Mwanakheri aliamka amevimba uso. "Mama, kichwa kinanipasuka. Hata sikuoni vizuri."

Bi Zuwena akapiga simu zahanati.

"Bangili inasema moyo wake unapiga vizuri," ilijibu sauti ya mashine. "Mwache apumzike."

"Nakwambia mtoto wa watu anaumwa!" alifoka, akainua mkono kufuta jasho. Taa ya kijani ikamwakia machoni. Bangili ilikuwa mkononi mwake tangu jana.

Kitandani, Mwanakheri alikuwa ameacha kulalamika.