Pembe ya Chini ya Kioo

Tangu skrini zikatazwe kuonyesha habari mbaya, zisizojua kuficha zilibaki zile televisheni nzito za chogo. Tunu alikuwa nayo moja, kaitoa stoo, na leo alimfungia mumewe Mbaruku kisanduku cha michezo ya video ya zamani.

Picha ilikuwa kubwa kuliko kioo, kingo zote zimemezwa. Tunu akaingia kwenye mipangilio, akaipunguza kidogo kidogo na kuisogeza kushoto, mpaka pembeni chini vikatokea vindege vitatu.

"Hivyo nini?" aliuliza Mbaruku.

"Roho ulizobakiwa nazo."

Mbaruku akaanza kucheza, ndege yake ikagonga mlima. Vikabaki viwili. Akaduwaa, maana tangu katazo lile hakuwahi kuonyeshwa kitu kikipungua. Simu yake kila asubuhi ilimwambia afya inaendelea vizuri, ilhali mkanda wa suruali keshautoboa tundu la tatu.

"Mama Shani, majibu yangu ya hospitali yanaweza kufunguka humu?"

"Hayawezi," alijibu Tunu, aliyeyasoma humo humo jana, mumewe akiwa msikitini.

Akarudi kwenye mipangilio, akaikuza picha mpaka vindege vikamezwa.

"Haya, cheza, Baba Shani."